Baruti Iliyokauka

Jumamosi, 7 Septemba

Kwa miaka thelathini na minne daftari hili limekuwa na mambo matatu tu: tarehe, uzito wa baruti, na mahali risasi zilipopiga kwenye karatasi. Leo naongeza la nne, kwamba nyumba imekuwa kimya na sina wa kumwambia. Lempi, mke wangu, alifariki mwezi Machi. Nilizungumza naye miaka arobaini na sita, na mdomo bado haujajua kwamba kazi imekwisha.

Raili, binti yetu, amepiga simu kutoka Minneapolis. Ameniagizia mashine ya kukausha hewa, eti chumba cha chini kitaota ukungu. Nimemwambia chumba hicho kina unyevu tangu babu yangu akichimbe, na ukungu haujaua mtu.

"Baba, pokea tu," akasema.

Nitapokea.

Saa kumi alikuja Arvo. Ni kaka yake Lempi, hajaoa, anakaa maili mbili kutoka hapa. Taulo begani, tayari kuoga mvuke kwenye sauna yetu, kama kila Jumamosi.

"Shemeji, umewasha?"

"Sijawasha."

"Kuni zimekwisha?"

"Kuni zipo."

Alikunywa kahawa vikombe vitatu, akaondoka na taulo lake kavu.

Jumamosi, 14 Septemba

Mashine imefika. Nimeiweka chini, kwenye kichumba cha kuvulia nguo kilicho mbele ya sauna. Hapo ndipo ilipo meza yangu ya kushindilia risasi, yaani kujaza upya baruti kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa. Baba ndiye aliyeiweka hapo. Alisema mtu akitoka kuoga mikono yake ni safi na akili imetulia, na baruti inataka vyote viwili. Huku kwetu kila mtu wa umri wangu hushindilia risasi zake mwenyewe, na nusu yao meza zao ziko karibu na sauna.

Ukutani kuna kipimo cha unyevu, cha Lempi. Kila Jumamosi baada ya kuoga aliandika namba kwa penseli kando yake: 74, 71, 76, 73. Ni miaka mingi ya penseli. Leo kinasoma 58.

Mashine inakoroma usiku kucha. Angalau kuna kitu kinachokoroma humu ndani.

Jumamosi, 21 Septemba

Mvua. Arvo na taulo. Sikuwasha. Kipimo: 51.

Jumamosi, 28 Septemba

Nilifungua mlango wa sauna asubuhi, nikasimama pale. Ubao wa juu bado una alama ya mahali alipokuwa akikaa Lempi. Nikafunga.

Arvo alipokuja aliuliza tena, nami nikasema bomba la moshi lina ufa. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake akicheza karata vibaya. Bomba nililibadilisha mwaka juzi, naye ndiye aliyenishikia ngazi.

46.

Jumamosi, 5 Oktoba

Majani yameanguka yote wiki hii kwa upepo mmoja.

Nasema ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: Arvo ananichosha. Kwake ana bafu zuri na maji ya moto, tena anapokea pensheni kunizidi. Anakuja, anakaa kwenye kiti cha Lempi, anauliza kama kuna mkate wa iliki, na anajua fika aliyekuwa akiuoka yuko wapi. Leo alisimulia jinsi Lempi akiwa na miaka saba alivyomsukuma yeye Arvo kwenye shimo la maji. Nimeisikia hadithi hiyo mara mia. Nikawasha redio.

42.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya kushindilia. Msimu wa kulungu unafunguliwa tarehe kumi na tano Novemba, na mimi hushindilia arobaini kila mwaka: ishirini zangu, ishirini za Arvo. Kiasi cha baruti ni kilekile kilichoandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Kiko juu kidogo ya kinachoruhusiwa na kitabu, lakini nilikifikia polepole, hatua kwa hatua, nikikagua kila ganda, na kimenipatia kulungu thelathini na mmoja bila komeo la bunduki, kile chuma kinachofungia ganda ndani, kukwama hata mara moja.

Baruti yangu naiweka kwenye bati la kahawa la marehemu baba, ambalo mfuniko wake hauketi vizuri. Vitabu vyote vinasema iachwe kwenye kopo lake lililofungwa. Vitabu viliandikwa na watu wasio na baba.

Jambo moja la ajabu. Kimwagio, kile kikombe cha skrubu kinachomwaga kiasi kimoja kila unapovuta mpini, nilikiacha pale kilipokuwa mwaka jana. Lakini kila nilipomwaga na kupima, mizani ilisema imepungua. Nikafuta mizani, nikaijaribu kwa kijiwe chake. Mizani haina neno. Basi nikafungua skrubu kidogo hadi uzito ukarudi palepale. Pengine skrubu imelegea. Nami nimelegea, na hakuna anayenikaza.

Zamani ningepiga tano kwenye karatasi kuhakikisha. Safari hii sikuona sababu. Sikuwa nimebadilisha kitu.

36.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilimpa Arvo boksi lake. Akalitikisa sikioni, kama afanyavyo kila mwaka.

"Kambini kule msituni tunaingia kuwinda tarehe ngapi, shemeji? Kumi na tatu au kumi na nne?"

"Mimi siendi mwaka huu. Nitawinda hapa nyuma ya banda."

"Huendi?"

"Siendi."

"Sasa nani atapika? Mimi hata maji naunguza."

"Kula makopo."

Alicheka, akangoja nami nicheke. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Onni, kambi ile tumeenda pamoja tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi."

"Basi sasa ni nyeupe. Nenda peke yako."

Neno hilo lilitoka kali kuliko nilivyokusudia. Akavaa kofia yake na kutoka. Nilimwona akikaa ndani ya pikapu muda mrefu kabla ya kuiwasha. Ningeweza kwenda mlangoni. Sikwenda.

Jumamosi, 26 Oktoba

Theluji ya kwanza. Arvo hakuja. 33.

Jumamosi, 2 Novemba

Hakuja. Saa kumi nilisikia gari, nikainuka kutoa vikombe. Ilikuwa gari ya posta.

31.

Jumamosi, 9 Novemba

Hakuja. Nilipika kahawa ya watu wawili kwa mazoea, nikainywa yote, nikashindwa kulala.

Raili aliniuliza kama mashine inafanya kazi. Nikamwambia chini ni pakavu kama jangwa. Akafurahi. Akauliza na Mjomba Arvo hajambo? Nikasema hajambo. Sijui kama hajambo. Nimegundua leo kwamba wiki tatu sijasikia sauti ya mtu humu ndani isipokuwa ya redio, na yule niliyemwita msumbufu ndiye aliyekuwa mgeni wangu wa pekee.

29.

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika haya hospitalini, mgongoni mwa karatasi walizonipa, nitazibandika baadaye.

Alfajiri nilitoka nyuma ya banda. Saa moja na nusu akatokea kulungu dume wa wastani. Nikapiga. Bunduki ilinirudi begani kuliko kawaida na mlio wake ulikuwa mkali, wa kupasua. Kulungu alianguka, lakini sikwenda kwake, maana nilipotaka kuinua komeo nitoe ganda, komeo lilikataa. Miaka thelathini na minne. Nililigonga kwa kipande cha kuni hadi likafunguka.

Ganda lilikuwa limeng'aa kitakoni, na kile kiwashio kidogo cha katikati kilikuwa kimebonyezwa bapa, kina masizi pembeni. Mshindiliaji yeyote anajua maana yake: nguvu ilikuwa nyingi mno ndani ya bunduki. Zaidi kidogo na ingepasuka usoni.

Nilishuka chini na buti zikiwa na theluji. Nikapima baruti ya risasi nyingine: uzito sawasawa. Nikasoma lebo: baruti ileile. Nikakaa kwenye kiti, mashine ikikoroma miguuni, na macho yakaenda ukutani kwenye ile penseli ya Lempi. 74, 71, 76, 73. Kipimo kilisema 28.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa yote kwa mara moja.

Baruti hunywa unyevu wa hewa. Bati la baba halifungi, kwa hiyo miaka yote baruti yangu ilikuwa ikinywa mvuke wa sauna kila Jumamosi. Baruti yenye unyevu huungua kwa uvivu. Kiasi changu kile kikubwa, nilichojivunia, kilikuwa salama kwa sababu ya ule uvivu tu. Tangu Machi hakuna mvuke, na tangu Septemba kuna mashine. Baruti ikakauka. Ikakauka hata ikapungua uzito ndani ya kikombe kilekile, kwani mizani yangu siku zote ilikuwa ikipima baruti pamoja na maji. Mimi nikaona pengo na nikalijaza kwa baruti zaidi, tena iliyokauka, inayoungua kwa hasira.

Kanuni ya kwanza ya kazi hii, niliyomfundisha Raili akiwa na miaka kumi na miwili: ukibadilisha kitu kimoja, chochote kile, rudi kwenye kiasi cha chini uanze upya. Mimi nilidhani sijabadilisha kitu. Nilikuwa nimempoteza Lempi nikaendelea kupima vilevile.

Bunduki yangu ni mpya, chuma chake kinene. Ya Arvo ni ya baba yao, ilinunuliwa kabla ya vita. Naye alikuwa na boksi la ishirini, maili thelathini na moja kutoka nyumbani, mahali ambapo simu haishiki.

Sikumbuki barabara kuu. Nakumbuka njia ya msituni, maili nne za mwisho, na pikapu ikizama kwenye theluji hadi ekseli. Niliiacha imewaka na mlango wazi. Nina miaka sabini na moja, na nilikimbia, au nilifanya kitu ambacho kwa umri wangu ndicho kukimbia. Siku ya kwanza ya msimu mtu hapigi kelele msituni. Ni aibu kuliko kulala kanisani. Mimi niliita jina lake mbio zote, na wawindaji wawili nisiowajua walinitukana kutoka kwenye miti.

Nilikuwa nimeshauona mti anapokaa, ule msonobari uliopinda, niliposikia mlio. Mmoja. Mkali, wa kupasua, sawa na wangu wa asubuhi.

Baada yake hapakuwa na sauti yoyote.

Nilimkuta ameegemea mti, glavu ameikandamiza kwenye jicho la kulia, damu inapita katikati ya vidole na kudondokea jaketi lake la rangi ya chungwa. Bunduki ilikuwa kwenye theluji, komeo limechomoka nusu.

"Usipige kelele," akasema. "Utawafukuza wote."

"Arvo. Nionyeshe."

"Imenitemea, shemeji. Bunduki ya baba imenitemea."

Miwani yake ilikuwa imevunjika. Muuguzi alisema baadaye kwamba bila miwani hiyo tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Nilimshika mkono hadi kwenye gari, tukasukumwa na walewale walionitukana. Njiani alitania kidogo, kwamba kulungu amemkosa lakini yeye mwenyewe amejipata. Kisha akanyamaza, na kunyamaza kwa Arvo ni kitu nilichokiomba miaka mingi. Leo nimekisikia maili arobaini nzima, na Mungu asinipe tena.

Jumamosi, 16 Novemba

Wamempasua na kutoa vipande vya shaba na vioo. Jicho lipo. Litaona nini, hawajui.

Nilimweleza yote. Bati la kahawa, mashine, skrubu, sauna. Sikuficha hata kwamba nilisema bomba lina ufa. Alisikiliza na lile jicho moja likitazama dari.

"Kwa hiyo," akasema, "miaka yote hiyo mvuke wa dada yangu ndio ulikuwa unanilinda na ujinga wako."

"Ndiyo."

"Na ulijua risasi hukuzijaribu."

"Nilijua."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Badala yake akasema neno ambalo nimelibeba tangu hapo kama gunia la chumvi:

"Miezi saba nimekuja mlangoni kwako na taulo, Onni. Unadhani nilitaka kuoga?"

Niligeuza kofia yangu magotini, naye akaendelea:

"Wewe ulifiwa na mke. Watu walileta vyungu vya chakula, mchungaji akaja mara tatu, Raili anapiga simu kila wiki. Mimi nilifiwa na dada. Nilikuwa naye miaka ishirini kabla wewe hujamjua. Hakuna aliyeniletea hata kijiko. Pale kwako ndipo mahali pekee palipokuwa bado na kitu chake. Nikianza kumsimulia, unafungua redio."

Muuguzi akaingia kubadilisha bandeji, akaniambia mgonjwa apumzike. Nikatoka. Nilikaa kwenye gari hadi kioo kikaganda kwa ndani.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimezivunja risasi zote zilizobaki, zake na zangu, thelathini na saba, moja baada ya nyingine. Baruti nimeitawanya nyembamba juu ya theluji nyuma ya banda. Bati la baba nimelitia shimo kwa msumari ili nisije nikabadili mawazo.

Nimezima mashine.

Jumatano, 20 Novemba

Nimepandisha meza ya kushindilia juu, kwenye chumba alichokuwa akilala Raili. Ilinichukua siku nzima, vipande vipande. Kopo jipya la baruti lipo, limefungwa, na litabaki limefungwa. Kwenye daftari nimepiga mstari juu ya ukurasa wa kwanza.

Jumapili, 24 Novemba

Nilimtembelea. Wamemruhusu kurudi kwake. Hakunikaribisha kahawa. Nilikaa dakika kumi nikiwa na koti mwilini. Nilimwomba anisimulie ile ya shimo la maji.

"Umeshaisikia," akasema.

"Nimeisikia lakini sikuisikiliza."

Akanitazama. Hakuisimulia.

Jumanne, 26 Novemba

Daktari amesema jicho la kulia litaona mwanga na umbo la mkono, si herufi. Hatalenga tena kwa jicho hilo. Mimi ndiye niliyempeleka, mimi ndiye niliyesikia akiambiwa. Arvo alimshukuru daktari kwa adabu, na kwenye korido akaweka mkono begani kwangu, si kwa upendo, ila kwa kuwa hakuiona ngazi.

Jumamosi, 30 Novemba

Siku ya mwisho ya msimu. Niliwasha sauna saa nane mchana.

Sikumwita. Sikuwa na uso wa kumwita. Lakini moshi wa bomba letu unaonekana kutoka barabarani, na saa kumi nikasikia pikapu. Haikuwa yake, jirani ndiye aliyemleta, maana bado haendeshi. Alishuka ngazi za chini akipapasa ukuta. Hakuwa na taulo.

"Daktari kanikataza mvuke," akasema. "Siku arobaini."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi mimi nitakaa hapa."

Akachukua kiti akakaa kwenye kichumba cha kuvulia nguo, mahali ilipokuwa meza. Mimi nikaingia peke yangu na kuuacha mlango wazi kidogo tu, asidhurike na tusikilizane. Nilikaa ubao wa chini. Mawe ya jiko yalikuwa mekundu na sikuweza kunyanyua mkono. Kumwaga maji juu ya mawe ilikuwa kazi yake Lempi, kwa miaka arobaini na sita hakuruhusu mtu mwingine aguse kata.

"Mbona sisikii kitu?" akauliza Arvo.

"Naogopa."

"Mwaga tu. Hatakuja kukugombeza."

Nikamwaga. Mvuke ukapanda, nikalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Nilipomaliza, Arvo alikohoa upande wa pili wa mlango, akaanza: Lempi ana miaka saba, yeye ana tisa, na shimo la maji nyuma ya zizi lina barafu nyembamba kama karatasi. Kumbe Lempi hakumsukuma kwa ubaya. Alikuwa amemwona mjomba wao anakuja na fimbo, na Arvo ndiye aliyevunja dirisha. Alimsukuma ili mjomba amwonee huruma. Mara mia nimeisikia na hapo sijawahi kufika.

Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za hali ya hewa:

"Mwaka ujao utanishindilia?"

"Hapana. Sitakushindilia tena risasi maisha yangu yote. Utanunua dukani kama watu wengine."

"Na mvuke nimekatazwa."

"Umekatazwa."

"Sasa Jumamosi nitakuja kufanya nini?"

"Njoo tu," nikasema.

Nikasikia miguu ya kiti ikiburuzwa juu ya mbao, kukaribia mlango.